Mtoto wa Masasi na Kitabu cha Kiingereza: Uhakiki Uanzie Kwenye Maandishi, Si Kwenye Desa

Mwanafunzi wa kidato cha sita anayechukua HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) au HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) hulijua swali la fasihi ya Kiingereza kabla hajaketi kwenye chumba cha mtihani. Litamtaka achague tamthilia mbili au riwaya mbili alizosoma, aunge mkono au apinge kauli fulani kuhusu jamii, kisha atoe hoja tatu kutoka kila kitabu. Utangulizi, hoja sita, hitimisho. Kwa kuwa umbo la swali limezoeleka, umbo la jibu nalo limezoeleka: rushwa, usaliti, nafasi ya mwanamke, mgongano wa mila na usasa, uongozi mbaya, umaskini. Orodha hiyo husafiri kwenye madesa, yaani noti za muhtasari zilizotolewa kopi juu ya kopi hadi herufi zikafifia, na hufika kwenye mabweni mengi ambako kitabu chenyewe hakijafika.

Makala haya yanahusu kitabu chenyewe. Nayaandika nikiwatazama hasa vijana wa Chidya, Masasi mjini, Ndanda, Ndwika na Newala, mkoani Mtwara, kwa sababu ninaamini jambo moja ambalo halisemwi vya kutosha: mtoto aliyekulia kati ya Masasi na uwanda wa juu wa Makonde hana upungufu wowote mbele ya Ibsen, Ngũgĩ au Rubadiri. Ana historia, mikutano, ngoma na kumbukumbu za kwao, na hizo ni nyenzo za uhakiki. Anachohitaji ni kufundishwa kuzitumia, na kwanza kabisa kuyasoma maandishi neno kwa neno.

Mji uliozaliwa pamoja na vitabu

Fasihi ya Kiingereza haikuingia Masasi jana. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana, aliongoza kundi la watu waliokombolewa utumwani, wakavuka bahari kutoka Zanzibar hadi Lindi, kisha wakapanda bara kwa miguu. Nia ilikuwa kufika upande wa Ziwa Nyasa. Walipofika kwenye majabali ya Masasi wakaona ardhi na maji vinawafaa, wakakaa. Steere hakuwa mhubiri tu. Alikuwa mtu wa lugha na mtambo wa kuchapia. Mwaka 1870 alitoa mkusanyo wa ngano za Kiswahili alizosimuliwa Zanzibar, na kabla ya hapo, katika miaka ya 1860, mtambo wake wa Zanzibar ulikwisha kuchapa kwa Kiswahili visa kadhaa vya Shakespeare vilivyofupishwa na Charles na Mary Lamb, kikiwemo kile cha mfanyabiashara wa Venice na deni lake la ratili ya nyama. Yaani aliyeianzisha misheni ya Masasi ndiye aliyewapa wasomaji wa Kiswahili Shakespeare wao wa kwanza. Karibu miaka 100 baadaye, mwaka 1969, Mwalimu Julius Nyerere alitoa tafsiri ya tamthilia hiyo nzima, akiwa tayari amekwisha kutafsiri *Julius Caesar* mwaka 1963.

Katika kazi hiyo ya mwanzo walikuwamo vijana wawili, Chauncy Maples na William Percival Johnson. Baada ya uvamizi wa Wangoni walioitwa Magwangwara mwaka 1882, Maples alihamishia kazi yake Newala. Johnson alielekea ziwani, akafanya kazi miaka mingi, akazikwa Liuli. Ni huko huko Liuli, mwaka 1930, alikozaliwa David Rubadiri, mshairi wa Malawi ambaye diwani aliyoihariri, *Growing Up With Poetry*, imepita mikononi mwa wanafunzi wengi wa sekondari nchini.

Chidya yenyewe ni tunda la kazi hiyo. Ilikuwa shule ya UMCA iliyojulikana kama Chuo cha Mtakatifu Yosefu, kabla ya kuwa shule ya serikali. Upande wa Wabenediktini, wamisionari Wakatoliki, kijijini Lupaso, mwaka 1938 alizaliwa Benjamin Mkapa. Mtoto huyo wa Masasi alikwenda Makerere akasomea Kiingereza, akahitimu mwaka 1962. Mwezi Juni mwaka huo huo chuo hicho kiliwapokea Chinua Achebe, Wole Soyinka, Christopher Okigbo na Ezekiel Mphahlele katika mkutano mkubwa wa waandishi wa Afrika, na Ngũgĩ wa Thiong'o akiwa bado mwanafunzi hapo hapo. Mkapa aliyaongoza magazeti ya *The Nationalist* na *Uhuru*, akawa mhariri mtendaji wa kwanza wa *Daily News* mwaka 1972, akaanzisha shirika la habari la Shihata mwaka 1976, na mwishowe akawa Rais wa Awamu ya Tatu. Aliyejifunza kupima kila neno la mwandishi alikuwa ameandaliwa kupima maneno ya gazeti na ya serikali.

Hata jina la Masasi lenyewe limo katika orodha ya vitabu. *A Wreath for Father Mayer of Masasi*, riwaya ya S. N. Ndunguru, imesomwa miaka mingi na wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne nchi nzima. Kijana wa Kigoma au Arusha amefanya mtihani juu ya Masasi. Kijana wa Masasi ana sababu gani ya kuona fasihi hii ni mali ya watu wengine?

Tamthilia: ni nani anayeshika kiti?

Twende kwenye kazi yenyewe. Tuanze na *An Enemy of the People* ya Henrik Ibsen, Mnorwei aliyeiandika mwaka 1882, tamthilia ambayo wanafunzi wetu wa kidato cha tano na sita wamekuwa wakiihakiki pamoja na *Betrayal in the City* ya Francis Imbuga. Daktari Thomas Stockmann anagundua kuwa maji ya mabafu ya tiba, ambayo mji mzima unayategemea kwa mapato, yamechafuliwa na uchafu wa viwanda vya ngozi. Anadhani atashukuriwa. Kaka yake Peter, ambaye ndiye meya, anapiga hesabu ya gharama za matengenezo na hasara ya kufunga mabafu kwa miaka miwili. Mhariri aliyeahidi kuichapa ripoti anageuka. Mpiga chapa naye anageuka.

Desa litaandika hapa: dhamira ya kwanza ni rushwa, ya pili ni usaliti. Si uongo. Lakini ni sawa na kusema msiba una huzuni. Mhakiki anapaswa kuuliza: mwandishi ameufanyaje usaliti huo uonekane jukwaani?

Jibu limo kwenye tendo la nne. Daktari amenyimwa gazeti, amenyimwa ukumbi, ameazima nyumba ya nahodha rafiki yake ili awasomee watu ripoti. Ukumbi umejaa. Kabla hajaanza kuisoma, linatolewa pendekezo kwamba mkutano uchague mwenyekiti, na meya analiunga mkono. Anachaguliwa Aslaksen, mpiga chapa yule yule aliyekwisha kumkimbia, mtu anayejisifu kila mara kwa kuwa na kiasi. Kisha meya anatoa hoja kwamba daktari asiruhusiwe kuisoma ripoti yake. Hoja inaungwa mkono. Hakuna askari aliyeingia, hakuna aliyepigwa. Mtu mmoja amenyimwa kusema katika mkutano aliouitisha mwenyewe, na kila kitu kimefuata utaratibu.

Kijana aliyewahi kumsindikiza mzazi wake kwenye mkutano wa chama cha ushirika (AMCOS) wakati wa msimu wa korosho anaijua nguvu hii. Anajua jinsi suala zito linavyoweza kuambiwa kwamba halimo kwenye ajenda, likasogezwa hadi kwenye mengineyo, na mengineyo yakafika giza limeingia na watu wanataka kuondoka. Anajua kwamba anayeshika kiti ameshika pia mdomo wa mkutano. Kijana huyu ataliona jambo katika tendo la nne ambalo msomaji aliyelelewa bila mikutano ya hadhara huenda likampita: Ibsen hakuandika juu ya watu wabaya tu, ameandika juu ya jinsi utaratibu mzuri unavyoweza kutumika kwa kazi mbaya. Hiyo ni hoja. Ina ushahidi, ina mahali pake kitabuni, na haimo kwenye desa.

Tusonge zaidi, kwa kuwa kiwango cha juu cha masomo kinadai zaidi. Daktari akishazuiwa kusema juu ya maji, anasema juu ya watu. Anawatukana walio wengi, anadai kwamba wachache wenye akili ndio wenye haki ya kuongoza, anawalinganisha watu wa kawaida na wanyama wasio na mbegu bora. Hapo mwanafunzi aliyekariri kwamba Stockmann ni shujaa na mtetezi wa wanyonge anakwama. Hawezi kuwa mtetezi wa wanyonge mtu anayewadharau mbele ya macho yao. Mwanafunzi makini hatalificha jambo hilo ili hoja yake isiharibike. Ataliandika. Atasema kwamba tamthilia inatutaka tukubali ukweli wa daktari kuhusu maji na papo hapo tuikatae dharau yake kwa watu, na kwamba kuyabeba yote mawili kwa wakati mmoja ndiyo kazi ngumu ambayo Ibsen anampa mtazamaji. Kura inapopigwa kumtangaza kuwa adui wa umma, anayepinga ni mtu mmoja tu, naye amelewa. Mwandishi angeweza kumpa daktari mtetezi mwenye heshima. Hakumpa. Kwa nini? Swali kama hilo linaweza kulisha darasa zima kwa kipindi kizima.

Kisha litazame tendo la tano. Mwenye nyumba anamfukuza daktari na kusema hana ujasiri wa kufanya vinginevyo. Aliyemwajiri Petra, binti wa daktari, kama mwalimu anamwachisha kazi kwa sababu ile ile. Mmoja baada ya mwingine anakuja na samahani moja: si kwamba nakuchukia, ila sithubutu. Ukiisoma sehemu hiyo kwa sauti, kila msomaji na mhusika wake, utaisikia samahani ile ikigonga na kurudi. Hiyo ndiyo fani ikifanya kazi ya maudhui. Anayesoma muhtasari hawezi kuisikia, maana muhtasari husema jambo mara moja na kupita.

Kwa wenyeji wa Newala na Tandahimba, tamthilia hii ina uzito mwingine. Uwanda wa juu wa Makonde una udongo unaoyameza maji ya mvua, na vijito juu yake ni haba. Kwa vizazi vingi wanawake waliteremka mabondeni na kupanda na maji kichwani, na ndiyo maana mradi wa maji wa Makonde, ulioanza zama za ukoloni na kutegemea chanzo cha Mitema, umekuwa habari kubwa katika maisha ya huko. Mtoto aliyekuzwa na bibi aliyeyapandisha maji yale hahitaji kuelezwa kwa nini mji unaweza kugawanyika kwa ajili ya maji. Anahitaji kuelezwa tu kwamba anaruhusiwa kuyaleta aliyoyaona kwenye meza ya uhakiki.

Riwaya: Muthoni na jando la Askofu Lucas

Tuchukue riwaya sasa. *The River Between* ya Ngũgĩ wa Thiong'o ilitoka mwaka 1965, ingawa aliiandika akiwa bado mwanafunzi Makerere. Kuna vilima viwili, Kameno na Makuyu, na mto Honia katikati yake. Upande mmoja wameshika mila, upande wa pili wamemfuata Joshua mhubiri. Muthoni, binti wa Joshua, ni Mkristo anayetaka pia kutahiriwa kama wanawake wa kabila lake. Anatoroka, anatahiriwa, jeraha linaharibika, anafariki akiamini kwamba ameyaunganisha yote mawili. Kifo chake kinakuwa silaha mikononi mwa kila upande. Nyuma ya riwaya kuna mgogoro halisi wa mwaka 1929, pale misheni kadhaa za Kiprotestanti kule Kenya zilipowataka waumini Wagikuyu waikane tohara ya wasichana, na maelfu wakajitoa makanisani na kuanzisha shule zao huru.

Desa litaandika: mgongano wa mila na usasa. Kauli hiyo inatosha vitabu hamsini, na kwa hiyo haimwelezi Muthoni. Hapa ndipo historia ya Masasi inapomsaidia msomaji kuona kwa jicho kali zaidi. Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi kuanzia 1926 hadi 1944, alichukua njia tofauti kabisa na ile ya wamisionari wa Kenya. Yeye na mapadri Waafrika waliofanya naye kazi hawakulipiga marufuku jando la wavulana. Walilichukua, wakaliingiza sala na baraka, wakaondoa waliyoona hayapatani na Ukristo, wakaliacha libaki jando. Mwanahistoria Terence Ranger aliichambua habari hiyo kwa kina katika utafiti uliochapishwa mwaka 1972, akaonyesha kwamba jambo halikuwa jepesi: wazee, mapadri na wamisionari hawakulitazama jando hilo la kanisa kwa jicho moja.

Basi mwanafunzi wa Chidya anaposoma kwamba Muthoni alitaka kuwa Mkristo na papo hapo awe mwanamke kamili wa kwao, anaweza kusema: jambo hili liliwahi kujaribiwa kwetu na kanisa lenyewe. Swali lake linabadilika. Haulizi tena mila na dini vinagombana vipi. Anauliza ni nani katika riwaya aliye na mamlaka ya kuviunganisha, na kwa nini hakuna anayefanya hivyo. Joshua ana mimbari lakini hana huruma. Kabonyi, mshikilia mila, ana baraza la Kiama lakini anataka ushindi. Livingstone, mmisionari wa Siriana, ana shule na hospitali, lakini anaona giza tupu kwenye mila. Waiyaki, mwalimu kijana wa Kameno, ana nia, lakini anachelewa kusema hadi siku ya hukumu. Muthoni, msichana asiye na cheo chochote, ndiye pekee aliyejaribu, naye amejaribu kwa mwili wake. Hoja hiyo inamweka Muthoni katikati ya riwaya, ingawa anafariki mapema, na inaeleza kwa nini jina lake linaendelea kutajwa baada ya kifo chake.

Uhakiki mzuri una mipaka yake, na mwanafunzi aitaje mwenyewe kabla hajaulizwa. Jando la wavulana la Masasi na tohara ya wasichana iliyomuua Muthoni ni mambo mawili tofauti, na haifai kuyalinganisha kana kwamba madhara yake ni sawa. Historia ya kwetu haithibitishi wala haikanushi riwaya. Inachofanya ni kutupa swali ambalo bila yake tusingelifikia. Anayeandika sentensi kama hiyo kwenye karatasi yake ameonyesha kwamba anafikiri.

Shairi: wapagazi wasio na majina

Ushairi ndio unaoogopwa zaidi. Mwanafunzi aliyezoea vina na mizani vya Kiswahili, anayejua kuhesabu silabi za tarbia, akikutana na shairi huru la Kiingereza huona hakuna pa kushika. Hukimbilia kutaja tamathali: tashibiha mbili, tashihisi moja, takriri tatu. Amezihesabu, lakini hajasema zinafanya nini.

Tutazame shairi mashuhuri la Rubadiri, *Stanley Meets Mutesa*. Linasimulia safari ya Henry Morton Stanley kuelekea Buganda, alikoonana na Kabaka Mutesa mwezi Aprili 1875, mwaka mmoja tu kabla Steere hajafika Masasi. Wahakiki wameonyesha kwamba Rubadiri alilijenga akiwa na shairi la T. S. Eliot kuhusu safari ya Mamajusi akilini mwake, na ulinganisho huo una maana yake: katika Eliot wasafiri wanakwenda kumwona mtoto mfalme na maisha yao ya zamani yanakwisha, katika Rubadiri mgeni anakuja kwa mfalme na ni maisha ya mfalme yanayokaribia kwisha, bila mwenyewe kujua.

Sasa litazame umbo. Sehemu kubwa ya shairi ni mwendo: joto, baridi ya usiku, mbu, mizigo, msururu wa wapagazi waliochoka wenye matambara. Mkutano wenyewe ni mfupi mno. Tungetarajia mshairi atumie maneno mengi pale wakubwa wawili wanapoonana, lakini ameyatumia njiani. Amewapa wapagazi jua, njaa, vidonda na vifo. Wanapofika, hakuna vigelegele wala ngoma za shangwe. Watu wanachungulia nyuma ya migomba na nyua za matete. Kisha mfalme anamkaribisha mgeni, na Rubadiri anamtamkisha maneno ya Kiswahili katikati ya shairi la Kiingereza. Msomaji wa London hutegemea tafsiri ya Kiingereza inayoyafuata. Msomaji wa Chidya amekwisha kuyasikia kwa sauti ya nyumbani kwao, na uzito wa ukarimu ule, ambao gharama yake itajulikana baadaye, unamfikia moja kwa moja.

Uliza tena: nani ana jina? Stanley na Mutesa wako kwenye anwani ya shairi. Wapagazi, ambao bila wao hakuna aliyekutana na mtu, hawana jina hata moja. Je, shairi linarudia dhuluma ya historia au linaifichua? Hoja zipo kwa pande zote mbili. Anayesema linarudia ataonyesha kwamba wapagazi hawasemi neno. Anayesema linaifichua ataonyesha kwamba mshairi amewapa mishororo mingi kuliko wakubwa wao, na kwamba anwani yenye majina mawili inakuja kuonekana pungufu kadiri unavyosoma. Mimi naegemea upande wa pili, lakini naheshimu mwanafunzi atakayeegemea wa kwanza akiwa na mishororo mkononi.

Na hapo historia ya kwetu inarudi kuuliza. Msafara wa Steere ulikuwa na watu waliokombolewa, wanaume kwa wanawake, waliolima, waliojenga, waliozaa mji wa Masasi. Vitabu vimehifadhi vizuri jina la askofu. Ya wale wengine yamehifadhiwa kidogo mno. Mwanafunzi aliyeliona pengo hilo katika shairi ataliona pia kwenye historia ya mji wake, na aliyeliona kwenye historia ya mji wake atalisoma shairi kwa ukali zaidi.

Aya moja iliyosimama

Yote haya hayana faida mpaka yageuke aya kwenye karatasi. Aya nyingi za fasihi hufa kwa namna moja: zinataja dhamira, zinaieleza dhamira kwa jumla, zinasema hata katika jamii yetu ya leo ipo, zinaishia hapo. Kitabu kimetajwa jina tu.

Aya iliyosimama huanza na dai ambalo mtu anaweza kulipinga. Kwa mfano: katika tendo la nne Ibsen anaonyesha kwamba utaratibu wa mkutano unaweza kumnyamazisha mtu kwa ukamilifu kuliko nguvu za dola. Kisha inaleta tukio mahususi: uchaguzi wa Aslaksen, hoja ya meya, kukubalika kwake. Inafuata na jinsi tukio lilivyoandikwa: mpangilio wake, nani anasema kwanza, kelele za umati zinaingia wapi. Baada ya hapo ndipo inakuja maana, na ikiwezekana, kinachoipinga maana hiyo ndani ya kitabu hicho hicho. Hatua nne. Mwanafunzi akizizoea, swali la hoja tatu kwa kila kitabu halitamtisha, maana kila hoja itakuwa na mwili.

Lugha isiwe kikwazo cha kufikiri. Mtihani unaandikwa kwa Kiingereza na hapo hakuna mjadala. Lakini kabla ya kuandika kuna kuzungumza, na wanafunzi wanaozungumza Kimakua, Kiyao au Kimakonde nyumbani, Kiswahili uwanjani na Kiingereza darasani wana haki ya kubishana juu ya Muthoni kwa lugha inayowachemsha. Wakishagundua wanachotaka kusema, warudi kwenye ukurasa wa Kiingereza, waoneshane kwa kidole ni sentensi gani inawaunga mkono, ndipo waandike. Nimeona mijadala ya prepo ikiwaka kwa Kiswahili na kuzima mara tu mtu anapodai kila kitu kisemwe kwa Kiingereza. Anayenyamaza kwa kukosa neno si kwamba hana hoja.

Kinachoweza kufanyika msimu huu

Kitabu kimoja kinaweza kulihudumia darasa. Tamthilia haikuandikwa isomwe kimya na watu 40 kila mmoja na nakala yake. Imeandikwa wachache waseme na wengine watazame. Nakala moja ya Ibsen au Imbuga, wanafunzi wanane mbele, wengine wakiwa umati wa tendo la nne wenye haki ya kupiga kelele pale mwandishi alipowapangia, itafundisha zaidi ya kurasa 30 za noti. Vijana waliokulia penye midimu, ambako mchezaji huvaa kinyago na akawa mwingine mbele ya watu wanaojua vema kwamba ni jirani yao, wamekwisha kuielewa siri kubwa ya jukwaa kabla ya kusikia jina la Ibsen.

Walimu wa Kiswahili na wa Kiingereza wanaweza kukaa pamoja. *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein, mzaliwa wa pwani ya kusini, ilitoka kwa Kiswahili mwaka 1969, na mwandishi mwenyewe akaitoa kwa Kiingereza mwaka uliofuata. Inahusu vita vya Maji Maji, vile vile vilivyofika Masasi mwaka 1905 na kuichoma misheni. Hata isipokuwemo kwenye orodha ya mtihani, kuisoma kwa lugha zote mbili katika klabu ya fasihi kutamfunza mwanafunzi wa HKL kwamba masomo yake mawili ya fasihi ni kazi moja. Kinjeketile anayekataa kuyakana maneno yaliyokwisha kuwa makubwa kuliko yeye, na Stockmann anayekataa kuyakana aliyoyasema juu ya maji, wanaweza kuwekwa meza moja na kuulizwa maswali yale yale.

Na wale waliosoma Chidya, Ndwika, Ndanda na Newala zamani, walioko sasa Dar es Salaam, Dodoma na nje ya nchi, waache kutuma madesa kwenye makundi ya simu. Watume vitabu. Nakala tano za riwaya moja iliyomo kwenye orodha ni msaada wa kweli kwa darasa la kidato cha tano. Baada ya korosho kuuzwa, mzazi mwenye uwezo anunue kimoja. Kitabu cha fasihi hakimalizwi na mtoto mmoja. Kitapita kwa mdogo wake na kwa wadogo wa jirani.

Orodha ya vitabu itabadilika, kama inavyobadilika kila baada ya muda. Mitaala nayo inabadilika. Ibsen anaweza kutoka, Ngũgĩ, aliyetutoka Mei 2025, anaweza kuingia au kutoka tena. Anayesoma desa hupoteza kila kitu siku orodha inapobadilika. Aliyejifunza kuuliza nani ameshika kiti, nani hana jina, na neno lipi linarudi na kwa nini, hubaki na alichojifunza. Atakitumia kwenye mtihani, kisha kwenye mkutano wa kijiji, kwenye mkataba atakaoombwa kuusaini, na kwenye hotuba ya mgombea. Nchi yetu inawahitaji wasomaji wa namna hiyo kwa wingi, na Masasi, iliyowahi kuwatoa, ina kila sababu ya kuendelea kuwatoa.